Twende Bukoba Wakati Hakuna Msiba

Leo nina neno moja tu, nalo nalisema mapema ili lisikupite hata ukiitwa mezani kabla sijamaliza: kama una rafiki wa zamani anayeishi mbali nawe, panga safari ukamwone, wewe ukiwa mzima na yeye akiwa mzima. Usingoje simu ya usiku wa manane ndiyo ikupandishe basi.

Nasema hivyo kwa kuwa sisi tuliotoka Kagera tunajulikana kwa safari za nyumbani za aina mbili. Ya kwanza ni ya Desemba, mabasi yamejaa, nauli zinatafutwa kwa taabu, kila mji una wageni na kila mgeni ana haraka. Ya pili ni ya msiba. Tunafika jioni, tunakesha chini ya turubai, kesho yake tunazika, tunakaa kikao cha ukoo, halafu tunakimbilia stendi. Katika safari hiyo unawaona watu wote unaowapenda na hupati nafasi ya kuzungumza vizuri na hata mmoja. Unapita Bukoba mjini, ziwa liko hapo hapo, nawe hulitazami.

Basi nimeanza safari ya aina ya tatu: ya wikiendi, isiyo na jeneza wala sikukuu, ya kula, kutembea na kukaa na mtu. Niliifanya mwishoni mwa Novemba, msimu wa senene, nikamtembelea rafiki yangu niliyesoma naye sekondari. Mimi niliondoka, yeye akabaki. Alifundisha shule za msingi wilayani Muleba mpaka akastaafu, na sasa anatunza kibanja cha baba yake huko Kamachumu. Watu wote wanamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo.

Njia za kufika zimekuwa nyepesi kuliko enzi zetu. Anayetoka Mwanza kwa barabara hasubiri tena kivuko pale Kigongo. Tangu tarehe 19 Juni 2025 anavuka juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, kisha anakamata Geita na Chato mpaka Muleba na Bukoba. Anayependa maji ana meli ya MV Victoria, iliyokarabatiwa na kurudi ziwani mwaka 2020, safari ya usiku kucha inayopitia Kemondo. Na mwenye uwezo anapanda ndege, anatua katika uwanja uliokaa ufukweni kabisa, mji ukianza papo hapo unapotoka getini.

Siwezi kutaja meli na ndege nikapita moja kwa moja. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitokea Bukoba na Kemondo, ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Kuna nyumba katika mkoa huu ambazo mpaka leo hazijapata mwili wa kuzika. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa inakaribia uwanja wa Bukoba iliangukia ziwani. Watu 43 walikuwamo. 19 walifariki, 24 wakaokolewa. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, Serikali ilimtambua kwa ushujaa wake na kumpa kazi katika Jeshi la Zimamoto. Nayataja haya kwa heshima. Mgeni anayekaa ufukweni Bukoba akifurahia upepo ajue kwamba watu wa hapa wanalipenda ziwa hili na wanalijua pande zote mbili.

Mwalimu alinifuata mjini Jumamosi asubuhi kwa mchomoko, gari dogo la abiria, wa kwanza kutoka Muleba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, jambo la kawaida hapa, kwani Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ndiyo maana vilima vyake havipauki. Tukaanzia penye haki ya kuanzia, yaani mezani. Katika mgahawa mdogo karibu na soko tuliagiza katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo katika sufuria moja, mchuzi wake mzito, limao pembeni. Anayeizoea ndizi ya huku hupata shida kuizoea nyingine. Ni laini bila kuwa uji, ina ladha yake yenyewe hata kabla ya chumvi, na inashibisha mpaka saa tisa alasiri.

Baada ya hapo tulishuka kuelekea ziwani kwa miguu. Bukoba ni mji wa kutembea kwa miguu. Ukiamka mapema, mpaka adhuhuri umeshauzunguka. Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa akiitumikia serikali ya nchi yake, alijenga kituo hapa Novemba 1890, na karibu na ufukwe bado kuna majengo ya zamani za ukoloni, likiwamo lile linaloitwa Duka Kubwa, duka la kwanza la mji. Mwalimu alisimama mbele yake akanikumbusha habari ambayo sisi watu wa redio tunapaswa kuijua. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walikuwa na mtambo wa redio hapa Bukoba. Juni 1915 Waingereza walipakia askari kwenye meli kutoka Kisumu, wakavuka ziwa, na baada ya mapigano ya siku mbili wakauteka mji na kuuangusha mlingoti wa mtambo huo. Fikiria, msikilizaji: mji huu ulishambuliwa kwa sababu ya ishara zilizokuwa zikisafiri hewani, miaka zaidi ya mia moja iliyopita, wakati watu wengi wa dunia walikuwa hawajawahi kusikia redio.

Kutoka ufukweni tulirudi juu mpaka Kanisa Kuu la Katoliki, lile la Mama wa Huruma. Ndani yake amelazwa Kardinali Laurean Rugambwa. Huyu alizaliwa mwaka 1912 katika nchi hii ya Buhaya, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane wa 23 alimfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati zetu. Alifariki Desemba 1997, akahifadhiwa kwanza Kashozi, misheni ya zamani kuliko zote za Kikatoliki upande huu, mpaka mwaka 2012 mabaki yake yalipoletwa katika kanisa kuu. Na Walutheri nao wana wao: Askofu Josiah Kibira, mtoto wa Bukoba, mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mji huu si mkubwa, wala hauna maghorofa ya kutisha. Lakini kutoka kwenye vilima vyake wametoka watu waliokaa mbele ya dunia nzima, na kizazi cha leo kinastahili kupelekwa kwa mkono kuyaona makaburi na makanisa yao.

Tulipita Nyamukazi, kwenye makumbusho madogo ya Kagera, yenye vyombo vya jadi na picha za wanyama wa mkoa. Usiidharau sehemu hiyo kwa udogo wake. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam au Nairobi na kuambiwa tu kwamba yeye ni Mhaya, pale ataona kwa macho vitu ambavyo bibi yake alivitumia.

Mbele ya mji, ndani ya maji, kimesimama kisiwa cha Musira, na mtumbwi wa injini hukufikisha kwa muda mfupi. Zamani, wazee wanasimulia, Musira ilikuwa mahali pa kutupwa waliofanya makosa makubwa. Wafalme waliwapeleka huko wakawaacha. Leo ni kijiji cha wavuvi, dagaa wameanikwa, watoto wanacheza, na kutoka juu ya miamba unaiona Bukoba yote, kuanzia Bunena mpaka Kashai. Nasisitiza jambo moja. Kabla hujapanda mtumbwi, omba jaketi la kuokolea maisha, livae na ulifunge. Nahodha akisema hana, mshukuru, ushuke, utafute mwingine. Baada ya yale niliyotaja mwanzoni, hakuna mtu wa Bukoba atakayekuona mwoga.

Jioni ndipo senene walipochukua nafasi yao. Huu ni msimu wao. Wanakuja kwa wingi Novemba na Desemba, na wengine Aprili na Mei. Usiku ukiangalia mbali unaona taa kali zimewashwa, na mabati yamesimamishwa juu ya mapipa. Senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza mpaka ndani ya pipa. Asubuhi wanawake na vijana wanakaa sokoni wakiwanyonyoa mabawa na miguu, kazi ya vidole na ya subira. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo, basi. Zamani mwanamke alikwenda kuwakamata alfajiri kwenye majani yenye umande, akawaandaa kwa ajili ya mumewe, naye mume akamnunulia nguo. Wenyewe wanawake hawakuruhusiwa kuwaonja. Mwalimu alinikabidhi sahani akasema shemeji yangu, mkewe, siku hizi ndiye anayewala wengi kuliko mtu yeyote nyumbani, na anayo haki. Nami naona hayo ni maendeleo ya kweli.

Sato wa kuchomwa alifuata, na ndizi tena, tukala tukitazama ziwa mpaka giza likaingia. Hapo ndipo Mwalimu alipotoa mfukoni kifurushi cha akamwani. Kwa wasioijua, hii ni kahawa ya kutafuna. Buni za robusta huchumwa, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha mtu huzitafuna polepole. Nyumba ya Mhaya ilikupa akamwani hata kabla ya kukuuliza habari za safari. Na hapa ndipo kuna jambo kubwa kuhusu urafiki ambalo nchi hii ililijua mapema. Ndani ya tunda moja la kahawa mna punje mbili zilizokaa uso kwa uso. Watu wawili walipotaka kuwa marafiki wa kufa na kuzikana, kila mmoja alichanjwa kidogo karibu na kitovu, damu ikapakwa kwenye punje, kila mmoja akameza yenye damu ya mwenzake. Huo ndio uliokuwa omukago. Kuanzia siku hiyo mtoto wa mwenzako ni mtoto wako, njaa yake ni njaa yako, na nyumba yake huwezi kuikosea ukasamehewa kirahisi. Damu hatuchanji tena, na kwa sababu za afya ni vizuri tumeacha. Lakini ahadi ile ilikuwa na sheria moja ambayo tumeiacha pia na hatukupaswa kuiacha: aliyefunga omukago alilazimika kumtembelea mwenzake. Urafiki ulikuwa na miguu.

Jumapili, baada ya ibada, tulishika barabara ya kusini. Lami ni nzuri, Muleba haifiki saa mbili kutoka mjini. Unapita Kemondo, penye bandari, halafu Muhutwe, na njia nzima upande mmoja una migomba na upande mwingine kila mara ziwa linachungulia. Ukiwa na muda, kabla ya safari hii pinda kwanza kwenda Maruku, kijiji cha Katuruka. Hapo mtafiti Peter Schmidt alichimba katika miaka ya 1970, akaona masalia ya tanuru za kuyeyushia chuma, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa ukanda huu walikuwa wakitengeneza chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kilichonigusa zaidi katika habari hiyo ni kwamba wazee ndio waliomwonyesha mahali pa kuchimba. Masimulizi yao juu ya mti mtakatifu na makazi ya mfalme ndiyo yaliyotangulia sululu.

Wilaya ya Muleba ndiyo iliyokuwa nchi ya Ihangiro kwa sehemu kubwa, na ni pana kuliko wapita njia wanavyodhani. Ina nyanda za juu, ina mabonde, ina visiwa kama Bumbire na Goziba ambako wavuvi wanaishi maisha yao yote juu ya miamba. Bumbire ndicho kisiwa ambacho msafiri wa Kizungu Stanley, mwaka 1875, aliwafyatulia wenyeji risasi kutoka kwenye mitumbwi yake. Na huku Muleba ndiko kuliko Kaboya, makaburi ya askari wetu waliofia vita vya Kagera, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Oktoba 1978 na kutangaza kwamba nchi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Misalaba na mawe yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Humo wamelala vijana kutoka Mtwara, Singida, Pwani na Visiwani, watu ambao hawakuwahi kula ndizi za huku mpaka walipokuja kuzilinda. Kama unasafiri na watoto, simama hapo. Waambie kwa maneno machache na uwaache wasome majina.

Kutoka Muhutwe tulipanda Kamachumu. Barabara inazunguka ikipanda, hewa inapoa, na ukifika juu unaliona ziwa chini limejaa upeo wote. Katika eneo hili ndimo mlimo Kashasha, kijiji ambacho dunia inakijua kwa jambo moja tu. Tarehe 30 Januari 1962, wanafunzi watatu wa shule ya wasichana walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa na hali hiyo, na shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ikafika Nshamba, ikafika na shule ya karibu na Bukoba. Madaktari walipima damu, wakachunguza chakula na maji, wasione sumu wala kidudu. Mwaka uliofuata wakaandika kwamba ni mshtuko wa akili ulioambukizana katika kundi.

Habari hii huandikwa huko duniani kama kichekesho: kijiji cha Afrika kilichocheka kwa miezi. Mwalimu haipendi kabisa namna hiyo ya kuisimulia, nami niko pamoja naye. Wale walikuwa watoto wa kike waliotolewa makwao, wamewekwa bweni, chini ya sheria kali, mwezi mmoja na siku kadhaa tu tangu nchi ipate uhuru, kila mtu akiwatazamia makubwa. Walikuwa na hofu, walikimbia huku na huko, wengine walilia kuliko walivyocheka. Mwenye busara akisikia kisa hicho huuliza watoto walikuwa wamebebeshwa nini. Hilo ni swali ambalo walimu wa shule za bweni za leo wanaweza kuendelea kuliuliza.

Tulifika kwa Mwalimu mchana. Shemeji alitupokea na akamwani, kisha tukaenda kuona kibanja wakati chakula kinaiva. Kibanja cha Kihaya ni kazi ya vizazi. Migomba juu, kahawa katikati, maharage na magimbi chini, nyasi zilizokatwa rweya, yaani kwenye uwanda wa nyasi, zimetandikwa kuzuia jua lisikaushe ardhi, samadi imezikwa kwenye mashina. Alinionyesha migomba ya enchoncho, akanionyesha ya nshakala, akanionyesha na ya FHIA, aina zilizoletwa kupambana na magonjwa. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliingia Tanzania kupitia wilaya hii ya Muleba. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ndani zimeoza, mgomba unakufa na jirani yake unafuata. Watu walilia mashambani kama wanavyolia msibani. Kilichookoa vibanja ni nidhamu: kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, kuchoma kisu kwenye moto kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, kung'oa mgonjwa bila huruma. Wataalamu wa utafiti wa migomba kule Maruku walifundisha, na wakulima kama Mwalimu wakafanya. Sisi tulio mjini tunakula ndizi tukidhani zinajiotea.

Na chakula kilipoiva, kilikuwa hiki: ndizi zilizopikwa na maharage mapya, chungu kimefunikwa kwa majani ya mgomba ili mvuke usitoke. Majani mabichi yalitandikwa chini, ndizi zikamiminwa juu yake zikitoa moshi, sote tukakaa kuzunguka, mama yake Mwalimu, mwenye umri mkubwa, akipewa upande wake wa heshima. Palikuwa na furu wa kukaushwa, samaki wadogo watamu ambao siku hizi ni haba kwa sababu sangara, aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita, amewala karibu awamalize. Palikuwa na parachichi la shambani. Baadaye ikaletwa rubisi katika kibuyu, pombe ya ndizi mbivu zilizokamuliwa na kuchanganywa na mtama wa kukaangwa. Nilimwambia Mama, "Waitu, nimeshiba." Akanijibu kwamba mtu aliyesafiri peke yake bila kufiwa anatakiwa kula zaidi, kwa maana huyo amekuja kwa ajili yao.

Sentensi hiyo ndiyo imenileta mbele ya kipaza sauti leo.

Jioni tulikaa barazani tukahesabu wenzetu wa darasa. Msikilizaji, ukanda wetu ulipigwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kabla dawa hazijapatikana, na katika miaka iliyofuata hospitali kama Ndolage, hapo hapo Kamachumu, na Rubya, zilipokea vijana ambao hazikuwa na la kuwafanyia. Nyumba zilibaki na bibi na wajukuu. Halafu ikaja MV Bukoba. Halafu tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 likaangusha nyumba na kuharibu shule za Ihungo na Nyakato, watu wakafa. Katika orodha ya darasa letu mimi na Mwalimu tulitaja jina, tukanyamaza, tukataja lingine. Tulipofika mwisho tuligundua kwamba walio hai ni wengi kuliko tulivyokuwa tunafikiri, na kwamba wengi wao hatukuwa tumeongea nao tangu msiba wa mtu mwingine.

Wale waliobaki nyumbani ndio wanaotunza makaburi ya wazazi wetu, wanaotutetea vikao vya ardhi vikiitishwa, wanaojua mipaka ya vibanja na majina ya watoto wapya. Tunawatumia fedha kwa simu tukiona tumetimiza. Fedha ni nzuri, nami sizidharau. Lakini Mwalimu hakuniomba hata shilingi. Aliniomba nirudi mwezi wa tano, senene wa pili wakija.

Kabla sijafunga, nina neno kwa viongozi wa manispaa ya Bukoba na halmashauri ya Muleba. Mna ziwa, mna kisiwa, mna majengo ya kale, mna kardinali, mna tanuru za chuma, mna chakula ambacho mtu akikila hakisahau. Wekeni vibao vinavyoeleza kila mahali kwa Kiswahili safi. Wafundisheni vijana kuongoza wageni na kusimulia historia ya kweli, si ya kubahatisha. Hakikisheni kila mtumbwi wa abiria una majaketi ya kutosha. Safisheni ufukwe. Wageni watakuja, na wa kwanza wao watakuwa watoto wenu wenyewe.

Kwako wewe msikilizaji, ombi langu ni dogo. Huenda kwenu si Bukoba. Ni Songea, ni Lamu, ni Goma, ni Pemba. Huko nako kuna mtu mliyelala naye bwenini, mkagawana sabuni na barua za nyumbani. Usiku huu, kabla hujalala, mpigie simu. Usimwambie kwamba ipo siku mtaonana. Mtajie tarehe, kata tiketi, uende.